Sifuri ya Nyumba ya Ghiselmi

Nilipewa ukuu wa uendelevu, yaani wa kutunza mazingira, katika nyumba ya mitindo ya Ghiselmi kwa sababu nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli. Sababu nyingine haikuwapo. Mke wangu Nives alihamishiwa kazi katika hospitali ya Empoli, akachukua gari letu, nami nikabaki na baiskeli ya marehemu baba yake, ile yenye breki moja. Wenzangu wa ofisi ya hesabu waliniona nikifika ofisini Scandicci, nje ya Firenze, asubuhi nimelowa jasho, mguu wa suruali umebanwa kwa kibanio cha kuanikia nguo, wakasema Ubaldo ana uchungu na hewa ya dunia. Sikukanusha. Mtu akikusifu kwa jambo ambalo hukulikusudia, kumkatiza ni utovu wa adabu.

Basi sheria za Ulaya zilipotutaka tueleze mbele ya watu jinsi tunavyoyatunza mazingira, Bi Mkubwa aliuliza ni nani pale ndani anayejua hesabu na anayependa miti. Wakamtajia yule wa baiskeli. Bi Mkubwa ni jina tulilompa Clemenza Ghiselmi, mjane mwenye nyumba, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu ambaye bado alikuwa akishuka karakanani kuvuta mishikio ya mikoba kwa nguvu zake zote aone kama itakatika. Mkoba wetu mmoja unauzwa kwa bei ya baiskeli kumi nzuri, kwa hiyo mshikio ukikatika mteja haji kulalamika, anakuja na wakili.

Cheo kilinilevya upesi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujitengenezea kadi za jina kwa ile karatasi iliyochanganywa na mbegu za maua, ambayo ukiipanda huota. Nilizitia pakiti nzima katika mfuko wa koti. Juma lile mvua ilininyeshea njia nzima, nikazisahau humo mfukoni, na nilipokuja kumpa kadi mgeni mmoja kutoka Japani nilitoa kitu kama kabichi lililochacha. Mgeni alikipokea kwa mikono miwili, akainama. Nami nikainama.

Nives aliniangalia jioni ile nikizitandaza kadi juu ya kipasha joto zikauke, akasema, "Ubaldo, hawa watu wamekuvisha kilemba cha ukoka. Uzuri wake ni kwamba ukoka ni kijani."

Nilimwambia asubiri aone.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka kampuni hutumia fedha kwa mambo ya kudumu: majengo, mashine, magari, mikataba mirefu ya kupanga. Ulaya ikatoa orodha ya shughuli zinazoweza kuhesabiwa kuwa za kijani, ikasema kila kampuni kubwa itangaze ni sehemu gani ya fedha zake imeangukia humo. Nilikaa na orodha ile majuma mawili, nikiitafuta mikoba. Niliona saruji. Niliona treni, umeme, mabomba ya maji taka, misitu. Mkoba sikuuona. Hitilafu ikawa hiyo: kazi tuliyoifanya tangu enzi za baba mkwe wa Bi Mkubwa haikuwamo kabisa, iwe safi au chafu.

Na mambo tuliyojivunia hayakuwamo pia. Ngozi zetu zinalainishwa kwa magome ya miti badala ya kemikali kali, nazo hukaa mapipani hadi mtu azisahau, hazihesabiki. Mizinga ya nyuki iliyoko bustanini, ambayo asali yake tunawapa wateja wakubwa sikukuu ya Noeli, haihesabiki. Nilikuwa nimekwisha kuwaandikia nyuki wale kurasa tatu nzuri.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipofika kwenye majengo. Orodha inasema kumiliki au kupanga jengo ni shughuli inayostahili kutajwa. Nami nikakumbuka kwamba mwaka ule tulipanga duka jipya Milano, katika kasri la kale kwenye mtaa ambao hata njiwa wake wanatembea kwa maringo, mkataba wa miaka kumi na miwili. Kwa kanuni za hesabu, mkataba kama ule unaingia wote kwa mpigo katika mwaka uliotiwa saini. Nikaongeza magari ya wakubwa, maana magari nayo yamo, likiwamo lile jekundu la Lapo, mtoto wa Bi Mkubwa, linalonguruma kama simba mwenye kikohozi. Nikajumlisha, nikagawanya. Asilimia arobaini na moja.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza inakuwaje nyumba igeuke kijani kwa kupanga duka la marumaru na kununua magari. Mimi nilisimama, nikafungua dirisha, nikavuta pumzi kama mkulima aliyeona mvua.

Nilimpelekea Bi Mkubwa habari siku hiyo hiyo. Aliniuliza arobaini na moja ya nini. Nikamwambia ya uwekezaji wetu. Akauliza kama ni nyingi. Nikamwambia nyumba nyingine za mitindo zinaota kufika hapo. Sikujua nyumba nyingine zina ngapi, lakini sauti yangu ilijua. Aliniangalia kidogo juu ya miwani, akasema haya, kama ni nyingi basi Mungu ashukuriwe, ataisema kwenye mkutano wa nyumba za mitindo za Toscana mwezi wa tatu.

Kabla ya mwezi wa tatu, niliisema mimi. Gazeti la mji lilimtuma mwandishi na mpiga picha, nami nikazungumza nao saa nzima. Mpiga picha alitaka nipande baiskeli. Nikapanda. Alitaka niangalie mbali, upande wa vilima. Nikaangalia. Picha ilitoka ukurasa mzima, kofia ya plastiki kichwani, na chini yake maneno yangu mwenyewe: "Katika kila euro mia tunazowekeza, arobaini na moja ni za kijani." Nilinunua nakala za kuwapelekea ndugu, nyingine za kuweka, nyingine sijui za nini. Mkahawani kwetu, Settimio mwenye mkahawa aliibandika juu ya mashine ya kahawa, na kwa siku kadhaa sikulipia kahawa. Nilianza kutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kunitambua.

Ngoma ikilia sana haina budi kupasuka. Mwisho wa mwezi wa kwanza akaja mkaguzi wa hesabu.

Jina lake Mirta Zanon, Dottoressa kwa heshima ya usomi wake, mtu wa Padova, mtaratibu, mwenye sauti ya chini ambayo inakulazimisha uiname ili usikie. Alikunywa maji tu. Alipitia jedwali langu lote kwa kalamu, mstari kwa mstari, akikubali kwa kichwa, nami nikawa nakubali pamoja naye. Halafu akageuza ukurasa, akarudi, akageuza tena.

"Hii ni safu ya zinazostahili," alisema. "Safu ya zinazokidhi iko wapi?"

Nataka nieleze ukweli wa jambo hili. Safu ile ya pili nilikuwa nimeiona. Ilikuwapo katika karatasi za sheria, pembeni ya ile ya kwanza, ina maelezo marefu. Nilidhani ni ya kampuni zinazopenda kujisumbua.

Nilimuuliza tofauti yake ni nini, kwa sauti ya mtu anayemjaribu mwanafunzi.

"Bwana Ceccherini," alisema, "kustahili ni kuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Kukidhi ni kufaulu. Wewe umewatangazia watu kwamba umefaulu kwa sababu ulipata kiti."

Nilimuuliza kama kuna aliyesoma gazeti huko Padova. Akasema alilisoma kwenye treni, na kwamba picha ilikuwa nzuri.

Ikabidi tuanze upya. Ili jengo lifaulu, lazima lionyeshe kwa cheti kwamba halipotezi joto hovyo, na tena awepo mtu aliyepima kama mafuriko au joto kali vitalidhuru. Magari tuliyamaliza upesi. Tulipofika kwenye lile jekundu, Dottoressa Zanon aliandika neno moja bila kuinua macho. Nikamkumbusha kwamba uani tuna mtambo wa kuchajia magari ya umeme, Lapo aliununua mwaka huo huo akiwa na nia ya kubadilika. Akasema huo unaweza kufaulu, twende tukauone. Tukauona. Haukuwahi kuunganishwa na umeme, na mtunza bustani alikuwa ameuvisha mpira wake wa maji kama mtu anayetundika kofia.

Tumaini langu likabaki Milano. Nilipiga simu kwa mwenye kasri, Konte Melzarotti, nikaomba cheti cha nishati. Akaniambia vyeti vya nyumba ile viko katika sanduku moja na barua za Waaustria waliotawala zamani, niende mwenyewe nikatafute.

Nilifika siku ya San Biagio, siku ambayo watu wa Milano wanakula panettone, keki ya sikukuu, iliyobaki tangu Noeli ili koo lisiwaume mwaka mzima. Konte alinipokea ghorofani, juu ya duka letu, amevaa koti zito, shali na glavu. Nilidhani anatoka. Kumbe ndiyo kwanza ameketi. Ukumbi wake ulikuwa na dari iliyochorwa malaika, na nina hakika malaika wale walikuwa wanatetemeka. Alinikatia kipande cha panettone kigumu kama sabuni ya kufulia, tukatafuna huku mvuke ukitutoka mdomoni.

Nilimuuliza kwa adabu kama nyumba ina mfumo wa kupasha joto.

"Unao, tena mkubwa," alisema. "Uko chini kwenu. Wasichana wenu wanaacha milango ya duka wazi kutwa, kwa sababu mwenye pesa hapendi kusukuma mlango. Joto lote linatoka mtaani. Njiwa wanalifurahia sana."

Nikakumbuka kwamba amri ile ya kuacha milango wazi ilitoka makao makuu, na nilikuwamo katika kikao.

Cheti tulikipata. Nyumba zinapewa herufi, A ikiwa ndiyo bora. Nilikifungua nikaona G. Konte akachungulia, akauliza G ni ya nini. Nikamwambia ni ya mwisho. Akauliza mwisho wa nini. Nikamwambia hakuna herufi baada ya hapo. Alifurahi kidogo, kama mtu aliyeambiwa ukoo wake ni wa kale kuliko alivyodhani, akasema hata maofisa wa Austria waliolala pale waliandika nyumbani wakilalamikia baridi ile ile.

Nilimsihi. Nikamuuliza kama hawezi kubadili madirisha, walau yale ya duka. Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu," alisema, nami nina miaka hamsini na mitatu, "ofisi ya mambo ya kale hainiruhusu kubadili hata bawaba. Nikipiga chafya wanataka mchoro."

Kwenye treni ya kurudi nilijaribu kila njia ya kugawanya. Nilizungusha, nikapunguza hiki, nikaongeza kile. Sifuri ina tabia moja ambayo mtu wa hesabu anapaswa kuijua: ukiizidisha kwa chochote haikusikii.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuwaambia kwamba nilisimama wima. Sikusimama. Tulikaa watatu, mimi, Lapo na bibi wa ofisi ya matangazo, na Lapo akasema hakuna tatizo lolote. Arobaini na moja si uongo, alisema. Inastahili, sheria inairuhusu, tutaiandika kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele, na sifuri tutaiweka nyuma kabisa, baada ya maelezo ya pensheni, mahali ambapo hata mwandishi wake hafiki. Kila nyumba inafanya hivyo. Nilipinga kwa muda unaotosha mtu kusemwa kwamba alipinga. Halafu ni mimi niliyetengeneza sentensi yenyewe. Niliondoa neno "za kijani", nikaweka "zinazoelekea kwenye ukijani", nikaisoma kwa sauti, nikaona inapendeza. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kazi ya fundi, na mimi niligundua nina kipaji.

Nives nilimsomea pia. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema, "Na hao nyuki wako wamekwenda wapi?" Nikamwambia nyuki wameondolewa. Akasema vizuri, angalau wao wamenusurika.

Nilimpelekea Bi Mkubwa hotuba yake karakanani. Alikuwa kwenye meza ya mwisho, kando ya dirisha, mkoba mweusi mapajani. Wanawake wa meza ile walikuwa wanashona wamevaa glavu zilizokatwa vidole, maana karakana yetu ina paa la bati na vioo vya zamani, na mwezi wa pili upepo unaingia unakotaka. Mmoja wao, Loredana, ndiye aliyekuwa msemaji wao, akanisalimia kwa cheo changu kirefu chote, bila kuruka neno, na wengine wakainamia sindano zao.

Bi Mkubwa alisoma. Alirudi juu, akasoma tena. Kisha akaweka karatasi juu ya mkoba.

"Ubaldo, mwanangu," alisema, "nikisimama pale nikasema arobaini na moja, akatokea mtu akaniuliza, mama, mmefanya nini? Nimjibu nini?"

Nilianza kusema kuhusu kustahili. Akaninyamazisha kwa kuinua kidole.

"Nimeuliza tumefanya nini."

Wanawake walikuwa wameacha kushona. Nilitazama dirisha, nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Tumepanga duka, Bi Mkubwa. Na Lapo amechukua gari."

"Na ile iliyofaulu kweli ni ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri na kitu?"

"Sifuri bila kitu."

Hakukasirika. Ningeelewa kama angekasirika. Alicheka puani, pumzi moja, akaanza kuuvuta mshikio wa mkoba kama kawaida yake. Akasema mkwewe alikuwa akimwambia kwamba mshono mbaya ukifichwa ndani ya bitana, mteja hataujua, lakini mkoba utaujua. Halafu akaniambia hotuba hiyo haitaki, watu wataambiwa sifuri. Nikashusha pumzi, nikamwambia nitamwandikia nyingine, fupi.

"Ya nini?" alisema. "Utakayesema ni wewe. Mimi picha yangu haikutoka gazetini."

Mkutano ulikuwa Firenze, katika ukumbi wenye viti vya dhahabu vinavyoumiza mgongo, baada ya chakula cha mchana. Walikuwapo wenye nyumba zote kubwa za Toscana, viatu, hariri, manukato, na kila mmoja aliyepanda jukwaani alikuwa na kitu cha kijani. Mmoja alionyesha filamu ya kasa. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu wa kuizungukia namba kwa mbali, kama mtu anayemvizia kuku, lakini Bi Mkubwa alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya mkoba, ananitazama.

Nikasema tu. Nikasema nyumba ya Ghiselmi inashona mikoba, na kushona mikoba hakumo katika orodha. Kilichomo ni jengo la Milano lililopewa herufi ya mwisho, na milango yake tunaiacha wazi sisi wenyewe, na magari, na mtambo wa umeme usio na umeme. Nikasema katika gazeti nilitaja arobaini na moja, na kwamba arobaini na moja ile ilikuwa ni tikiti ya kuingia mtihani. Tulichofaulu ni sifuri. Nikashukuru, nikashuka, nikajikwaa ngazi ya mwisho.

Nilitegemea kuzomewa. Yakaja makofi machache ya watu wasiojua kama inafaa. Nilipokaa, mzee aliyekuwa kando yangu, mwenye kampuni ya hariri inayojulikana dunia nzima, aliniinamia sikioni. "Sisi pia ni sifuri," alinong'ona. "Ila yetu tumeiweka ukurasa wa mia mbili na kumi." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kovu lake hospitalini.

Gazeti liliandika habari, fupi safari hii, na kwa kuwa hawakuwa na picha nyingine walitumia ile ile ya baiskeli, nikiangalia vilima, na chini yake neno moja kubwa: "Sifuri." Settimio aliibandua ile ya kwanza juu ya mashine, akabandika ya pili. Kila asubuhi aliniuliza, "Dottore, kahawa ya leo inastahili au inakidhi?" na watu wazima walioegemea kaunta wakacheka mpaka wakamwaga vikombe. Nikaanza kulipia kahawa tena. Mama mkwe alinipigia simu kunipa pole, akidhani nimefukuzwa.

Sikufukuzwa. Bi Mkubwa alifuta karamu ya kusherehekea duka la Milano, ile iliyokuwa iwe na farasi weupe, akasema fedha zile ziende kwenye paa la karakana na madirisha. Lapo alinuna majuma kadhaa. Farasi lilikuwa wazo lake. Mimi nilijipa moyo kwamba hotuba yangu ndiyo iliyomgusa Bi Mkubwa. Nilimwambia hivyo Loredana. Akaniambia kwamba wao walikuwa wamemwomba Bi Mkubwa madirisha tangu miaka mingi, na siku ile nilipokuja na hotuba mama alibaki mezani kwao mpaka mchana, akajaribu kushona mshikio mmoja mwenyewe, akashindwa kuisikia sindano kwa ubaridi wa vidole.

Jambo lingine lililotokea sikulitarajia. Nilianza kualikwa. Bologna waliniita niwaeleze wanafunzi kuhusu sifuri. Torino wakaniita. Mwanzoni nilikwenda kwa aibu, lakini mtu hawezi kuona aibu kwa tikiti ya daraja la kwanza muda mrefu. Nikajifunza mahali pa kunyamaza kabla ya kusema lile neno. Nikajifunza kulisema chini, watu wainame, kama Dottoressa Zanon. Konte Melzarotti nilimwongezea glavu za pili katika masimulizi. Baada ya Torino, Nives alikuja na gari kunipokea stesheni, akanikuta nasaini kitabu cha msichana mmoja, ambacho sikukiandika mimi.

Tulipokuwa tunavuka mto alipunguza mwendo. "Mwaka jana ulikuwa unaringia arobaini na moja," alisema. "Mwaka huu unaringia sifuri. Wewe huchagui?"

Nilimwambia kuringa ni neno zito. Akawasha redio.

Kazi ya paa ilikwisha vuli. Wakaweka madirisha ya vioo viwili viwili, na chini ya bati wakatia kitu kinene kama godoro. Dottoressa Zanon alirudi mwezi wa kwanza, akapanda ngazi mwenyewe, akapima, akaomba vyeti, akavipata vyote, maana safari hii niliviomba kabla ya mafundi kulipwa. Tulipiga hesabu pamoja. Nyumba ya Ghiselmi ilikuwa imekidhi kwa asilimia tatu na ushee. Nilimwandikia yule mwandishi wa gazeti. Akanijibu kwa heshima kwamba tatu si habari. Sifuri ilikuwa habari, na arobaini na moja ilikuwa habari, lakini tatu, dottore, ni kama kusema kesho kutakuwa na mawingu kiasi. Mialiko nayo ikapungua. Hakuna chuo kilichotaka kusikia hotuba kuhusu godoro la paa.

Siku moja mwezi wa pili, baridi kali, nilikuwa napita uani nikainua macho. Madirisha mapya yote ya karakana yalikuwa wazi, joto letu lililokidhi linatoka nje kama moshi wa jiko. Nikapanda ngazi mbili mbili. Wanawake walikuwa wanashona bila glavu, mikono ya mablauzi imekunjwa, mashavu mekundu.

Niliwaeleza. Nilizungumzia vioo viwili viwili na kazi yake, nikazungumzia asilimia, nikazungumzia Ulaya. Walinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yao.

"Tumekuelewa kabisa," alisema Loredana. "Ila zamani harufu ya gundi ilikuwa inatokea kwenye nyufa. Sasa nyufa mmeziba. Tukifunga, tunalewa kabla ya saa nne."

Nilisema nitatafuta mashine ya kuvuta hewa. Nilisema nitaona kama mashine ya kuvuta hewa imo katika orodha. Wakafunga madirisha mbele ya macho yangu, moja baada ya moja, kwa heshima zote, nami nikashuka. Nilipofika uani nikageuka. Yalikuwa yamefunguliwa tena, na Loredana alinipungia mkono kutoka lile la katikati. Nami nikampungia, nikaenda kibandani kwa muuza mikate iliyojazwa utumbo wa ng'ombe, nikaagiza yenye pilipili nyingi, na nilipokuwa nakula nikaanza kumweleza mtu aliyesimama mbele yangu, ambaye hakuniuliza, jinsi hewa inavyotembea.